SOMO LA MWEZI: MARADHI YA INI YATOKA WAPI, NA WATAALAMU HUYAJUAJE?



Katika mkutano wetu wa mwisho liliulizwa swali ambalo Halmashauri haikuwa na jawabu lake papo hapo. Yako magunia ya mahindi na njugu yaliyobaki katika chakula cha wachumaji wa msimu uliopita, na magunia hayo yamekaa ghalani masika yote. Je, wachumaji wa msimu ujao wapewe, au yatupwe? Bwana mmoja alisema unga ukipikwa ukaiva hauna neno. Bibi mmoja akasema basi na wapewe kuku, kutupa chakula ni dhambi. Wa tatu, naye ni mzee wetu mwenye mikarafuu mingi, akasema ya kuwa ghala lenye karafuu halioti ukungu abadan, kwa sababu harufu ya karafuu huua kila kitu. Tuliahidi kulitazama jambo hili na kuliandika hapa. Tulipolitazama tuliona lina mlango mpana kuliko tulivyodhani, kwani linafungamana na maradhi ya ini na saratani ya ini. Na katika sisi ni wachache wasiomjua mtu aliyekufa kwa maradhi hayo, macho yakiwa manjano na tumbo limejaa maji.

Kwanza neno lenyewe. Waliosoma chuoni watakumbuka kuwa saratani kwa Kiarabu ni kaa, na ndilo jina la burji ya nne. Waganga wa kale waliuona uvimbe na mishipa yake iliyotanda pembeni wakaufananisha na kaa na miguu yake. Ama ini, kazi zake ni nyingi, lakini kwa somo hili yatosha kulifananisha na forodha. Chakula kikishasagwa tumboni, damu hukichukua na kukipitisha kwanza katika ini kabla hakijaenda kwingine mwilini, kama bidhaa zinavyopita forodhani kabla ya kuingia mjini. Basi sumu iliyomo katika chakula hulikuta ini mwanzo. Tena ini ni kiungo kivumilivu mno. Laweza kuliwa nusu yake na mwenyewe bado anapanda mkarafuu na kushuka, hana khabari.

Sasa tuje kwenye ukungu. Khabari hii ilianza kwa ndege, si kwa watu. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 katika muda wa miezi michache. Maradhi yao hayakujulikana, basi yakaitwa maradhi X ya bata mzinga, yaani maradhi yasiyo na jina. Wataalamu walitafuta kidudu cha kuambukiza wasikione. Ndipo walipoacha kumtazama ndege wakatazama chano chake, wakakuta ya kuwa chakula cha mashamba yaliyopata msiba kilikuwa kimetiwa mashudu ya njugu kutoka Brazil. Wakati huo huo huku kwetu Afrika Mashariki bata wachanga nao walikuwa wakifa, na chakula chao kilikuwa na mashudu ya njugu, wala hayo hayakutoka Brazil. Ndani ya njugu hizo mlikuwa na ukungu uitwao kwa Kilatini *Aspergillus flavus*, na kutokana na jina hilo sumu yake ikaitwa aflatoksini. Siku hizi wataalamu wa Tanzania huiita sumukuvu, na sisi tutalitumia jina hilo kwa kuwa linajieleza lenyewe. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliitia sumukuvu katika daftari la vitu ambavyo ni hakika, si dhana, kwamba huleta saratani kwa binadamu.

Lakini yaliyompata bata yatatuhusu vipi sisi? Hapa ndipo penye somo lenyewe, na twamwomba msomaji atulie kidogo.

Mwaka 2004 nchini Kenya, khasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua ini kwa ghafula na 125 katika hao wakafa. Ukimwuliza mgonjwa, "Ulikula nini?" atakujibu, "Ugali." Jawabu hilo halikufaidii, kwa kuwa jirani yake asiyeugua naye amekula ugali. Kumwuliza mgonjwa peke yake ni sawa na kutaka kujua kwa nini mkarafuu mmoja umekufa bila ya kuutazama ule wa pili ulio mzima. Kwa hiyo wataalamu walichukua wagonjwa 40, kisha wakachagua kwa bahati nasibu watu 80 wasiougua, wakawauliza wote maswali yale yale: mahindi yako umeyapata wapi, uliyavuna lini, umeyaweka wapi, yalikuwa makavu au mabichi? Wakapima na mahindi yao, wakapima na damu zao. Kisha wakazilinganisha safu mbili hizo. Jambo linaloonekana sana kwa wagonjwa na kwa nadra kwa wazima, hilo ndilo la kushikwa na kuchunguzwa zaidi.

Waliyoyaona ni haya. Katika mahindi ya wagonjwa, wastani wa sumukuvu ulikuwa sehemu 354 katika kila sehemu milioni 1,000 za mahindi. Kwa wasiougua ulikuwa 44. Kiasi kilichoruhusiwa na serikali ya Kenya wakati ule kilikuwa 20. Angalieni vizuri hesabu hiyo: hata hao waliokuwa wazima walikuwa wakila zaidi ya mara mbili ya kiasi cha sheria, nao hawakujua, kwa sababu sumukuvu haina ladha wala harufu. Jambo la pili, wagonjwa walionekana zaidi kuwa watu walioweka mahindi yenye maji ndani ya nyumba wanamolala, si katika ghala la nje. Na la tatu, wengi zaidi katika wagonjwa walikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B katika damu yao. Hilo la tatu tutalirudia.

Watu wa mjini waweza kusema hao walikuwa wajinga kuweka mahindi mabichi uvunguni. Sisi hatusemi hivyo. Ulikuwa mwaka wa njaa. Mwenye shamba akiogopa kuibiwa huvuna kabla ya wakati, na akivuna huingiza ndani alale nayo. Kwa hiyo sumu ile ilitokana na ukungu, lakini mlango wake ulifunguliwa na njaa na hofu ya wezi. Ndiyo maana wataalamu wa siku hizi hawaishii kupima mahindi na damu tu, bali huuliza pia juu ya kipato, na nyumba, na nani katika nyumba hupewa chakula kizuri na nani hupewa kilichobaki. Swali hilo la mwisho kila mwenye wachumaji na ajiulize mwenyewe.

Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania bara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi, na 20 wakafa. Na sehemu kubwa ya mahindi yanayoliwa visiwani kwetu huvuka bahari kutoka bara, kisha huongezewa unyevu wa huku.

Hiyo ni sumu nyingi kwa mara moja, na maiti huhesabika. Ile iletayo saratani ni ndogo ndogo, ya kila siku, na huchukua miaka. Ili kuijua hiyo wataalamu wana njia nyingine, ngumu zaidi: huchukua watu wazima, huwaandika, kisha hungoja. Huko Taiwan daktari Mmarekani aitwaye Palmer Beasley na wenziwe waliandika wanaume 22,707, wakapima damu zao na kuwafuata mwaka hadi mwaka. Katika hao, 3,454 walikuwa na virusi vya homa ya ini B, na 19,253 hawakuwa navyo. Walipotoa khabari zao mwaka 1981, watu 41 walikuwa wamepata saratani ya ini. Waliokuwa na virusi katika hao 41 walikuwa 40. Asiyekuwa navyo alikuwa mmoja. Sisi tumezoea kubishana mambo mengi, lakini hesabu kama hiyo haiachi nafasi ya ubishi.

Huko Shanghai, China, wataalamu wengine waliandika wanaume 18,244 kati ya mwaka 1986 na 1989, wakahifadhi damu na mikojo yao. Baadaye, wengine walipopata saratani ya ini, walifungua chupa zile za zamani wakatazama kilichokuwamo kabla ya ugonjwa. Mwenye dalili za sumukuvu peke yake alikuwa na khatari ya saratani mara 3 na zaidi kuliko asiye na kitu. Mwenye virusi vya B peke yake, mara 7. Mwenye vyote viwili, je? Mtu angedhani tujumlishe, tupate 10 au 11. La! Ilikuwa karibu mara 60. Virusi na sumukuvu wakikutana katika ini moja huwa kama wezi wawili, mmoja avunja mlango na wa pili abeba. Sasa tunafahamu kwa nini wale wagonjwa wa Kenya wengi wao walikuwa na virusi.

Katika jambo hili kuna habari njema pia. Katika wilaya ya Qidong, mashariki ya China, watu walikuwa wakila mahindi yaliyoota ukungu, na saratani ya ini ilikuwa nyingi mno. Kuanzia miaka ya 1980 waliacha mahindi wakala mchele, ambao hauchukui sumukuvu nyingi kama mahindi, na kadiri miaka ilivyokwenda saratani ilipungua kwa zaidi ya nusu. Na Taiwan, baada ya kuanza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilishuka kutoka 0.70 hadi 0.36 katika kila watoto 100,000 kwa muda wa miaka kumi hivi. Chanjo hiyo ya homa ya ini B hutolewa Tanzania kwa watoto wachanga tangu mwaka 2002. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza chanjo zake zote anayo. Lakini sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, pamoja na wachumaji wetu wengi, hatukuipata utotoni. Mtu mzima aweza kupimwa damu, na akiwa hana virusi akachanjwa. Na akionekana anavyo, zipo dawa za kuvizuia visile ini. Anayegojea mpaka macho yawe manjano amechelewa.

Virusi hivi hupitaje? Kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtoto mchanga akivipata, katika kila 10 karibu 9 watabaki navyo maisha, hali mtu mzima akivipata aghalabu mwili wake huvitoa. Havipiti kwa kula sahani moja wala kwa kupeana mkono, wala kwa kuswali bega kwa bega. Twalisema hili kwa kuwa tumeona mchumaji akitengwa katika chakula na wenziwe kwa sababu ameambiwa ana "homa ya ini". Kumtenga hakumkingi mtu yeyote. Wembe ndio wa kutengwa. Virusi vya B vyaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na vingali vinaambukiza, na tone la damu lisiloonekana kwa jicho latosha. Basi tufikirie mambo yetu: wembe wa kinyozi chini ya mwembe, wembe wa kuchanjia dawa unaopita kutoka mgongo huu hadi mgongo huu, kisu cha ngariba, sindano ya kutoga masikio mabinti watatu mfululizo, na kuumika. Hatusemi mila ziachwe. Kuumika kuna watu wake na kutahiri ni faradhi kwetu. Twasema kila mtu na wembe wake mpya, na unaotumiwa tena uchemshwe kwanza.

Asidhani mtu kuwa hospitali zimesalimika na hilo. Nchini Misri, tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliwapiga sindano wanavijiji kwa mamilioni kutibu kichocho. Nia ilikuwa njema na dawa ilikuwa ya kweli. Lakini sindano zilikuwa za kioo, zikitumika kwa mtu baada ya mtu bila ya kusafishwa ipasavyo, na kwa njia hiyo virusi vingine vya ini, aina ya C, ambavyo havikujulikana hata mwaka 1989, vilienea nchi nzima. Misri ikawa ni moja katika nchi zenye maradhi hayo kwa wingi kabisa duniani. Ilichukua mpaka mwaka 2018 na 2019 ambapo karibu watu milioni 50 walipimwa, na wenye virusi wakapewa vidonge vya kuviponya. Sisi wa visiwa vya kichocho twaipokea khabari hiyo kwa makini. Kwetu siku hizi dawa ya kichocho ni vidonge, basi asiogope mtu kuvimeza.

Yako na mambo mengine yanayoharibu ini ambayo tutayapita mbio. Ulevi ni mmoja, na kila mtu anajijua. Unene na kisukari ni wa pili. Mafuta hujaa katika ini kama yanavyojaa kiunoni, na hayo huwapata hata wasioonja tembo maisha yao. Twawatazama khasa wale wanaotia sukari vijiko vinne katika chai.

Turudi ghalani. Kwa Bwana aliyesema unga ukipikwa hauna neno: sumukuvu haiishi kwa moto wa jikoni. Ukungu utakufa, sumu uliyoiacha itabaki katika ugali. Kwa Bibi aliyetaja kuku: ndio hao hao bata wa mwaka 1960. Tena ng'ombe akila mahindi mabovu, sumu hutoka katika maziwa, na maziwa hunywewa na watoto. Ama mzee wetu wa harufu ya karafuu, yeye ana nusu ya haki, na tunamshukuru. Ni kweli kuwa wataalamu wamejaribu mafuta ya karafuu juu ya ukungu huo huo katika vyombo vyao, wakaona huuzuia usikue. Lakini mafuta yaliyokamuliwa na kutiwa juu ya ukungu ni jambo moja, na gunia la mahindi mabichi lililoegemezwa gunia la karafuu ni jambo jingine. Kinachopita baina ya magunia hayo si dawa, ni unyevu, na karafuu hunywa unyevu upesi. Mwenye kuweka hivyo hupoteza mahindi na daraja ya karafuu kwa pamoja.

Jambo la ajabu ni kuwa hakuna watu wanaojua kukausha kuliko sisi. Nani miongoni mwetu atakayemwaga karafuu juu ya udongo mtupu? Tunatandika majamvi, tunaanika, tunapindua, wingu likija tunaanua mbio hata kama chakula kiko mdomoni. Karafuu hatuitii guniani mpaka ivunjike kwa mlio. Lakini mahindi na njugu na makopa ya muhogo, vitu tunavyokula wenyewe, twavianika kando ya njia na kuviingiza vikiwa na ubaridi. Tunapendekeza mahindi yapewe jamvi lile lile. Mwenye kutaka kuyajaribu kama yamekauka na achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi robo yake na vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokauka kabisa, aifunge, aitikise vizuri, kisha aiache kama robo saa. Chumvi ikishika pembeni mwa chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Chumvi ikianguka yote chini, yametosha kutiwa guniani. Na gunia likae juu ya chaga, lisiguse sakafu wala ukuta. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au kuliwa na wadudu zichambuliwe, kwani humo ndimo sumu huwa nyingi. Na njugu chungu itemwe, isimezwe kwa ajili ya adabu.

Kabla hatujamaliza, neno moja juu ya mafuta yetu ya karafuu na makonyo, kwa kuwa kila nyumba ina chupa yake kwa ajili ya jino. Kupaka kidogo kwenye jino si kitu. Kunywa ndiko khatari. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika khabari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mafuta ya karafuu baina ya mililita 5 na 10, yaani kijiko kimoja cha chai au viwili. Alipoteza fahamu na ini lake likaharibika, akaponea chupuchupu. Chupa hiyo iwekwe juu ambako mtoto hafiki, na mtoto akinywa apelekwe hospitali saa ile ile, na chupa ichukuliwe daktari aione.

Magunia yaliyobaki ghalani Halmashauri imeyahesabu: ni 14 ya mahindi na 3 ya njugu. Yatafunguliwa asubuhi ya siku ya mkutano ujao, mbele ya wanachama wote, na yatakayoonekana yameota ukungu yatafukiwa. Gharama ya mahindi mapya itagawanywa kwa kila mwenye wachumaji kwa kadiri ya idadi yao. Wenye kupinga waje na hoja zao mkutanoni. Kila atakayekuja na aje pia na chupa kavu na chumvi.